Kanuni Uliyoiita Abti

Leo ni Ijumaa ya kwanza ya Shaaban. Ni miaka thelathini na mmoja tangu niondoke Garissa, na mwaka wa tatu tangu wewe uondoke duniani.

Mpendwa abti Nasir,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozoea kuandikiana. Kisomali kilikuwa cha mdomo, cha simu ya Ijumaa, cha kunieleza mama yako anaumwa wapi wiki hii. Ukitaka kunifafanulia msimbo wa kompyuta uliandika Kiswahili, maana ulikisomea shule ya Garissa, nami nilikifanyia kazi ya ukarani wa shule miaka kumi na miwili. Barua hii naiacha wazi, aisome atakayeisoma. Wale niliowaandikia faraghani wananijibu kwa adabu bila kunisikia, na wewe ambaye ungenisikia huwezi kunijibu.

Nimekasirika, abti. Nakuambia mapema ili usidhani hii ni barua ya maombolezo. Ya maombolezo niliiandika zamani nikaichana.

Wasioijua kazi yako niwaeleze kwa ufupi. Nasir, mtoto wa dada yangu Halima, aliandika maktaba ya JavaScript akaiita Hubin, neno letu la kuhakikisha. Maktaba ya namna hii ni msimbo ulio tayari, ambao waandishi wengine wa programu huuchukua na kuutia katika fomu zao. Kazi yake ni moja: mtu anapojaza fomu kwenye simu au kompyuta, Hubin inakagua alichoandika kabla hakijapokelewa. Namba ya simu ina tarakimu za kutosha? Jina limeandikwa? Tarehe hiyo ipo kwenye kalenda?

Toleo la kwanza lilikuwa faili moja tu. Uliliandika kwa ajili ya chanjo ya mifugo, wakati vijana wa mradi wenu walipokuwa wakizunguka Eldas na simu, wakiandika majina ya wenye ngamia. Sharti la kila mtu kujaza jina la ukoo ulilinakili kutoka mafunzo ya mtandaoni ya watu wa mbali. Kumbe mtu wa Eldas ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na hana kingine cha kutia kwenye kisanduku hicho. Vijana walipochoka kukataliwa na simu juani, wakapata dawa.

"Abti, nimegundua ukoo mkubwa kuliko wote Eldas," uliniambia. "Unaitwa Hakuna. Hassan Hakuna, Bishar Hakuna, na mzee mmoja mkali sana, Ali Hakuna."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi nilicheka pia, kisha nikakuuliza kama umewahi kumwuliza Ali mwenyewe jina la babu yake. Wiki iliyofuata ukaanza toleo la pili.

Hapo ndipo uliponiajiri bila mshahara. Sikuwahi kuandika mstari wa msimbo maishani, lakini ulinitumia kila ujumbe ambao Hubin ingemwambia mtu aliyekosea. Kila mmoja ulisema "batili". Nikakuandikia kwamba mtu mzima haambiwi batili. Ndoa ndiyo huwa batili. Mwambie kilichokosekana na namna ya kukipata. Uliubadilisha wote. Baadaye ukaniambia watu wa nchi ambazo hujawahi kufika wanaichukua Hubin kwa sababu ya ujumbe wake tu, kwamba haimtukani mtu. Nilitembea siku ile kama mtu aliyemwoza binti yake.

Toleo la tatu tulilifanya jikoni kwangu, huku ughaibuni. Ulikuja siku kumi, ukakaa na koti langu begani na kompyuta mezani kando ya sahani ya anjera, ukilalamika kwamba chai yangu ya maziwa ya unga ni dhambi. Asubuhi moja ulinionyesha orodha ya tarehe za kuzaliwa kutoka kwenye mradi mwingine, wa shule. Mtoto baada ya mtoto, tarehe moja Januari. Ukaniuliza kama ni kosa la programu.

Nikakusimulia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu. Nilikuwa karani, siku ya kuandikisha wanafunzi, foleni imefika barabarani. Akaja mama mmoja kutoka Sangailu na binti yake. Nikauliza tarehe ya kuzaliwa. Akaanza kueleza: ilikuwa mvua za Gu, mwezi ulikuwa umeandama siku tatu, mbuzi walikuwa wamekwisha kuzaa, mwaka ule ambao mto uliingia sokoni. Kwa kalenda mbili na dakika kumi ningeipata siku yenyewe. Nilikwisha andika tarehe moja Januari kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Yule mama hakujua kusoma, lakini aliomba nimsomee nilichoandika, kisha akaomba nimsomee na mtoto wa mstari wa juu yake, na wa juu zaidi. Akawageukia wenzake kwenye foleni.

"Kumbe sote tulijifungua siku moja," akasema. "Mkunga alikuwa nani, huyu karani?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikageuza ukurasa. Binti yule amebeba uvivu wangu kwenye kila karatasi ya maisha yake.

Hukunifariji, na nilikushukuru kwa hilo. Ulivuta kompyuta ukaandika kanuni mpya: tarehe moja Januari isipokelewe kimyakimya. Ujumbe niliuandika mimi: "Tarehe hii huandikwa mtu asipoulizwa. Tafadhali muulize mama yake." Kanuni ukaiita Abti, jina ambalo mimi nakuita na wewe unaniita, kama ilivyo kwetu mjomba na mpwa kuitana neno moja.

Kisha tukagombana. Hubin ya toleo la tatu ilikuwa na madaraja mawili. Kosa humzuia mtu asiendelee. Onyo humsimamisha, akathibitisha, akapita. Wewe ulitaka Abti iwe onyo. Mimi nikataka iwe kosa.

"Karani atabonyeza 'endelea' bila kusoma," nilikuambia. "Ninawajua makarani."

"Na asiye na wa kumwuliza?"

"Kila mtu ana mama."

"Abti, ukifunga kabisa, watu watadanganya."

Nilikuambia huijui kazi ya ofisi. Ukaiacha onyo, kwa kuwa kompyuta ilikuwa yako. Nilinuna hadi adhuhuri, nawe ukanipikia wali ulioungua ili tupatane.

Ulipofariki, Hubin ikabaki kwa watu wanne waliokuwa wakikusaidia kutoka mbali, ambao hawakuwahi kukuona. Ni watu wema na wenye bidii. Walitaka maktaba iwe ndogo na nyepesi, ifunguke haraka kwenye simu za bei nafuu, na nani angepinga hilo? Walipopanga toleo la nne waliuliza hadharani, kwenye ukurasa wa majadiliano: maonyo yanaongeza uzito, je, kuna anayeyahitaji? Kanuni zilizo maonyo ama zifutwe, ama ziwe makosa.

Nikajibu. Hili ndilo sijamwambia hata mama yako. Ulikuwa na miezi saba kaburini, nami nikaandika mistari miwili: kwamba mimi ndiye yule abti ambaye kanuni ilipewa jina lake, na kwamba niliona tangu mwanzo iwe kosa. Wakanishukuru sana. Mmoja aliandika kwamba ni heshima kusikia kutoka kwa chimbuko lenyewe. Nilijiona nimekulindia kazi yako isifutwe. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshinda ubishi na mtu asiyeweza kujibu.

Sasa sikiliza kilichonipata.

Mwaka huu nimestaafu. Mama yako amenitengea chumba cha upande wa kivuli, amekipaka chokaa, amenunua kitanda, na kila akipiga simu ananiuliza nataka pazia la rangi gani. Ili nikae Garissa kama mwenyeji nisiwe mgeni wa miezi mitatu, lazima nirudishiwe uraia, na maombi hujazwa mtandaoni, kupitia fomu ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilijaza jina langu, la baba na la babu, visanduku vitatu, na nikatabasamu kwa sababu nilivijua visanduku vile. Mahali pa kuzaliwa: Diff. Tarehe ya kuzaliwa niliandika ile iliyo kwenye karatasi zangu zote tangu ujana.

Fomu ikaniambia: "Tarehe hii huandikwa mtu asipoulizwa. Tafadhali muulize mama yake."

Abti, mimi nina miaka sabini na kitu. Mama yangu, bibi yako, alizikwa kando ya visima kabla sijajua kwamba tarehe ni kitu cha kuuliza. Alichoniachia ni kwamba mvua za Deyr zilichelewa mwaka ule na watu wakahamia kusini. Mvua za Deyr zimechelewa mara nyingi. Nilikaa mbele ya maneno yangu mwenyewe, yenye adabu yote niliyoyapa, na hapakuwa na mahali pa kubonyeza ili nipite.

Nilipiga simu ofisini. Akapokea kijana wa kwetu, mchangamfu.

"Mzee, hiyo system haitaki Januari. Weka tarehe kumi na nne Machi."

"Kwa nini kumi na nne Machi?"

"Ndiyo yangu, mzee. Nakuazima."

"Na karatasi zangu zinazosema tofauti?"

"Utaapa kwa wakili kwamba zilikosewa. Wazee wote wanafanya hivyo, wallahi. Dakika tano."

Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa akinisaidia, kama wale vijana wa Eldas walivyowasaidia akina Hakuna.

Mama yako naye akanigombeza. "Walaal, ndugu yangu, apa urudi," akasema. "Umezeeka kwa kubishana na kompyuta. Nani atakuuliza siku ya kuzaliwa? Kwetu hata keki hatukati." Nilipokataa akalia, kisha akanikatia simu, kisha akapiga tena kuniuliza kama nimekula.

Najua wengine watasema tarehe moja Januari nayo ni uongo, basi mzee anachagua uongo gani? Hapana. Kila ofisa kutoka Mandera hadi Nairobi akiiona tarehe ile kwenye karatasi ya mzee wa kwetu anajua maana yake: hatujui. Ni kutojua kulikoandikwa kwa namna ya tarehe. Tarehe kumi na nne Machi inasema najua. Halafu nimwite Mwenyezi Mungu awe shahidi kwamba najua. Nimesema uongo mwingi mdogo maishani, mmoja wao kwa mama wa Sangailu, lakini sijawahi kuuapia.

Niliwaandikia wasimamizi wa Hubin. Nilieleza yote kwa utulivu, hata mistari yangu miwili niliitaja. Binti mmoja wa huko mbali akanijibu vizuri sana. Kanuni hiyo, alisema, iliwekwa na mwandishi mwenyewe, aliyewafahamu watu wake. Wao hawako katika nafasi ya kuipinga. Tena programu nyingi zinaitegemea, kuibadilisha kutazivunja. Wataliangalia katika toleo kubwa lijalo. Nikamwandikia kwamba mwandishi mwenyewe aliitaka iwe onyo, kwamba mimi ndiye niliyekosea, kwamba mjomba anayetajwa mle ndani ndiye huyu anayemwomba. Akanishukuru kwa maoni yangu na kuifunga mada.

Nimeisoma tena historia yote ya Hubin, toleo kwa toleo, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kanzu aliyokwisha kuipekua. Kila badiliko lina sababu nzuri pembeni yake. Ndogo zaidi. Haraka zaidi. Safi zaidi. Siwezi kumnyooshea mtu kidole na kusema huyu alikuwa mbaya. Naona tu kwamba ulipokuwepo, kulikuwa na mtu mmoja wa kuuliza swali lile: na asiye na wa kumwuliza? Nami nilikuwa na jibu la haraka, kama siku ile ya foleni.

Ninakukasirikia kwa kufa, jambo ambalo si haki. Ninakukasirikia zaidi kwa kuwa sahihi kwa sauti ndogo kiasi kile. Ungenipigia kelele, abti. Ungepiga meza. Labda ningelikumbuka neno lako kabla ya kuandika mistari yangu.

Jana nimemwambia mama yako ampangishe mtu chumba, kisikae bure. Karatasi za kiapo nimezirudisha kwa wakili bila kuzisaini.

Mola akupe nafasi pana huko uliko. Mimi sitarudi Garissa.

Abti yako