Sukari Ndani ya Koti

Mjukuu wangu Nakunda,

Marahaba. Bibi yako mzima, ananigombeza tu. Umeuliza kama niliwahi kurusha ndege: sana! Haya, nimedanganya, niliizuia isiruke.

Ilikuwa ndogo, ya watu wawili, ya kukagulia mashamba ya mkonge. Rubani alinipima kwenye mizani ya katani, akakubali kunifikisha kijijini Maore, nilikokwenda kuposa. Baada ya kupimwa, nikaficha kotini sukari na sabuni za wakwe, maana miaka ile vilikuwa adimu. Ndege ikakimbia uwanja mzima bila kunyanyuka.

“Kijana, umebeba nini?”

“Sukari ya mkwe.”

“Iache, au ushuke.”

Nilishuka, nikatembea siku nzima. Bibi yako alinicheka, akanikubali.

Wewe unayejifunza kuziunda, uliniahidi picha ya ndege yenu. Itume, nimwoneshe bibi yako alichonikosesha.

Babu yako