Burgi na Dume wa Pembe Nyembamba

Bonde la Lech,
Tirol.
22 Novemba 1987

Mpendwa mwanangu Kassian,

Hujambo huko Chile? Unakula? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, ila goti la baba yako linamsumbua tangu theluji ianguke. Zile soksi za sufu nilizokutumia usizifungie sandukuni, zivae. Na usinicheke kwa mwandiko huu, naandika mbiombio kwa furaha.

Basi sikiliza. Unajua dada yako Burgi alivyokuwa akiitaka kazi ya kulinda wanyama mlimani. Mzee Isidor anastaafu, na kila mtu alikuwa akisema nafasi ni ya mpwa wake, Korbinian. Burgi akang'ang'ania mpaka mzee akachoka. Akasema, njooni wote wawili Jumamosi, huu ndio wakati mbuzi mwitu wanapandana. Atakayewatambua mmoja mmoja, dume na jike, bila kukosea, kazi ni yake. Maana majike nao wana pembe, na mlinzi akikosea kumwelekeza mwindaji, anauawa mama mwenye mtoto.

Nami nikapanda nao. Baba yako alinikataza, lakini kule kuna barafu, mwanangu, ningekaaje jikoni? Nikasema napeleka chakula.

Lo, ungewaona madume! Wamekonda, hawali, ni kukimbizana tu. Nywele za mgongo zimesimama kama brashi, wanakoroma kama wenye mafua, wanasugua visogo kwenye vichaka waache harufu yao. Na harufu yenyewe ilitufikia hata sisi!

Korbinian ni hodari, nisimnyime haki yake. Walikwenda sawasawa mpaka mzee akaonyesha mnyama mmoja wa pembe nyembamba, amesimama peke yake kwenye theluji.

"Jike," Korbinian akasema papo hapo.

Burgi akazidi kumkazia macho yule mnyama.

"Vipi binti, umemeza ulimi?" mzee akamuuliza.

"Naomba subira, mzee."

"Subira ya nini? Rudi ukakamue," Korbinian akamcheka. "Ng'ombe hawakimbii."

Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshaona! Yule mnyama alijitikisa akajikojolea ubavuni. Nimefuga mbuzi miaka arobaini, jike hafanyi vile, ni beberu tu akishikwa na wazimu wake. Maneno yakanijaa mdomoni. Lakini ningesema, ningemharibia mtoto. Nikauma kona ya kitambaa changu mpaka ikalowa.

Ndipo akashuka dume mkubwa kutoka juu. Akamwendea yule mdogo ubavuubavu, shingo juu, nywele zote wima, anajikuza. Burgi akasimama ghafla.

"Dume! Miaka mitatu. Jike angefuatwa shingo chini, kwa kubembelezwa. Huyu anatishwa!"

Hajamaliza kusema, yule mdogo akatimua mbio, mkubwa nyuma yake, moja kwa moja gengeni, mawe yanaporomoka, wakapita hatua ishirini tu chini yetu. Nikapiga kelele kama msichana.

Mzee Isidor akavua darubini yake shingoni, akamvisha dada yako. Korbinian, uso umemwiva, akampa mkono. "Hongera. Ila mama yako nusura apasuke," akasema. Mzee naye akanigeukia: "Mama Kreszenz, Jumatatu wewe ubaki nyumbani, tafadhali."

Baba yako anajifanya hajali, lakini leo baada ya misa amewasimulia watu wote kwenye uwanja wa kanisa, utadhani alikuwepo.

Sasa shida yangu ni hii. Mwezi mzima nimekuwa nikiwasha mishumaa apate kazi. Amepata. Kesho asubuhi anapanda peke yake kwenye barafu ileile, na mimi sina tena kisingizio cha chakula. Nikilia atadhani sifurahi. Nafurahi, Kassian, nafurahi mpaka moyo unaniuma.

Mwandikie maneno mawili ya pongezi, anakuheshimu sana. Baba yako anakusalimu, shangazi Ottilia anakusalimu, naye Burgi anasema ukirudi atakufundisha kumjua dume na jike, maana wewe hukuwahi kujua.

Mungu akushike wewe mkono huko ulipo, na dada yako amshike mguu asiteleze.

Asiyeacha kukuwaza,
Mama yako, Kreszenz