Steringi Alipopita Sparkhill

Cleopas, mjukuu wangu, huna adabu!

Umenizoesha filamu za Kimarekani ambazo steringi ndiye mwizi na adui ni polisi. Zamani steringi alikuwa mtu mwema, tukimpigia makofi bila aibu.

Jana mwizi alitoka mbio dukani kwa rafiki yangu Jemima, hapa mtaani Sparkhill, akiwa amemwibia pochi. Mimi, mama wa kanisa, nikapaza sauti: "Kimbia, mwanangu, pita huku!" Akapita. Jemima alikuwa mlangoni, akinitazama.

Leo ameniletea uji kama kawaida. Bakuli bado limejaa mezani.

Filamu ni zako, lakini mdomo ulikuwa wangu. Jumamosi panda basi uje unipeleke kwake. Wewe usiseme neno. Nitasema mwenyewe.

Nyanya yako,
Orpha