Simu ya Lazarus Kwenye Ruta Yetu

Kimumu, Eldoret
Jumatatu

Ndugu yangu Mungai,

Sisi tuko wazima. Mvua imeanza na Mama amepanda viazi nyuma ya nyumba.

Mwezi wa pili ulinipigia kutoka Doha ukasema ruta yetu ya intaneti imezeeka, inahitaji programu mpya. Ulinitumia faili. Nilichomeka kebo, nikafuata kila ulichosema, nikakaa dakika kumi nikichunga umeme usipotee. Hata nilikushukuru.

Jana intaneti ilikatika, nikamwita fundi Antony. Aliifungua kwa kompyuta yake, akaniuliza, "Ciru, ni nani anatumiwa orodha ya kila simu inayojiunga na intaneti hapa?" Anwani ya barua pepe ilikuwa yako. Na simu ya mpenzi wangu Lazarus ilikuwa hapo, pamoja na siku na saa alizokuja.

Kumbe ndivyo ulivyojua. Ndiyo sababu ulimwambia Mama kwamba yeye akienda kanisani, mimi naficha mwanaume nyumbani. Wiki tatu Mama hakuniongelesha, na mimi nikamchukia jirani bure nikidhani ndiye aliyemwambia. Ulinifanya nijitegee mtego kwa mikono yangu. Sitakusamehe haraka, hata kama wewe ndiye mkubwa.

Antony amerudisha programu ya kiwandani na kubadilisha nywila. Kisha nilimwambia Mama mwenyewe kwamba Lazarus, yule nesi wa kutoka Siaya, anataka kunioa. Aliniuliza, "Na huko kwao wanakula mukimo wa viazi kama sisi?"

Lazarus anakuja Jumapili. Ukitaka kujua ni nani ameingia kwetu, piga simu uulize.

Dada yako,
Ciru