Chemchemi Uliyoipima Mwezi wa Tatu

Baba Neema mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu ulipopanda treni kwenda kazini kwako Tabora. Barua zako zimefika zote. Kila nikishika kalamu Neema analia, au ndoo ziko tupu, na siku hizi ndoo ziko tupu kila saa. Hapa Kakese tu wazima, ila kuchoka.

Nakumbuka kiangazi kile ulipoanza kunifuatafuata. Chemchemi ya karibu ilikuwa imekauka, tukawa tunapanda hadi ile ya mlimani. Ukajitia kunibebea ndoo kichwani. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini: "Shemeji, ngata imekaa kama kofia ya mlevi!" Ulifika kwetu umelowa hadi viatuni, ndoo ina maji nusu. Mama akasema, "Huyu kuoa ataoa, ila kuteka hawezi." Siku ile ndiyo nilikupenda.

Ndiyo maana mwezi wa tatu nilishangaa. Walipokuja watu wa maji kuandika mpango wa bomba la kijiji, wewe ndiye ulikuwa katibu wa kamati. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya ofisi tunawapikia. Nyie wanaume mkachagua chemchemi ya karibu, kwa kuwa mtaro wake ni mfupi na hakuna aliyetaka kuchimba hadi mlimani. Mkaipima kwa ndoo na saa, huku mvua inanyesha! Ndoo ikajaa mara moja, ukaandika, ukatia saini. Nilipoleta chai nikakunong'oneza, "Baba Neema, ile hukauka." Ukasema, "Usiniaibishe mbele ya wageni." Nami nikanyamaza. Hapo nilikosa, sikutupii wewe lote.

Sasa ni mwezi wa kumi. Juzi nilikwenda kuipima mwenyewe. Nikakinga ndoo, nikakaa kumnyonyesha Neema. Akamaliza titi la kwanza, akamaliza la pili, akalala. Ndoo haijafika nusu, na yaliyomo ni tope.

Jumatatu mhandisi wa wilaya alipita, nikamweleza. Akasema karatasi zinakwenda mkoani Sumbawanga mwisho wa mwezi huu, na mabomba yatanunuliwa kama yalivyoandikwa humo. "Mama, mimi nafuata karatasi."

"Karatasi tutaikingia ndoo?"

Akacheka, kisha akanipa ukweli: fedha ya mradi ikishafukiwa ardhini hairudi, na kijiji hakipewi mara mbili. Lakini aliyetia saini akikiri kwa maandishi kabla karatasi hazijaondoka, yeye mhandisi atapanda mlimani kupima upya. Nikamwuliza pia maji machafu ya pale bombani yatapita wapi, maana mfereji hamkuuchora. Hilo naye akaliandika.

Mume wangu, najua unaona haya. Mwenyekiti wa kamati amenitumia salamu kwamba ukibadili maneno utaitwa kigeugeu. Basi na waniite mke wa kigeugeu, nitaitika. Mtoto wetu ni wa kike. Miaka michache tu atapewa kindoo chake, na umbali atakaotembea unauandika wewe, sasa hivi, kwa mkono wako. Kuhusu mtaro usiogope. Wanawake tumekubaliana kuchimba hadi mlimani, na wanaume kadhaa wameona aibu, wametufuata na majembe.

Nakupenda, na hili sikuachii. Khanga usinunue, sukari ipo. Mpe mtu wa treni unayemwamini aniletee haya: barua ya kwenda kwa mhandisi, kwa mwandiko wako na saini ileile, nakala yake moja ya mwenyekiti, asije akasema hakuiona, na ufunguo wa sanduku la kamati ulioondoka nao mfukoni, vipimo vyote vimo humo. Na ndani ya barua hiyo usiniwekee "huenda" wala "inasemekana". Nitumie neno moja, "nilikosea".

Mkeo,
Mama Neema