Mikaratusi ya Baba Imekausha Kijito, na Mimi Ndiye Niliyeandika

Mama Waithira, nisaidie kabla ya Ijumaa, maanake hata usingizi sipati.

Niko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Nyeri, nasomea uandishi wa habari, na tangu shule ya upili nilikuwa nimeamua nitaandika habari za mazingira, sasa mhadhiri wetu Bw. Wasike akatuambia kila mtu aende kwao atafute habari, nami nikaenda nyumbani Gakindu nikaandika juu ya kijito chetu ambacho kimekauka, nikahoji akina mama watatu wanaochota maji mbali, nikahoji mpaka afisa wa maji, na wote wakasema ni mikaratusi iliyopandwa ukingoni inayokunywa maji yote, na Mama, hiyo miti ni ya baba yangu. Akiikata akauza nguzo ndio nalipiwa karo. Niliandika tu "mkulima mmoja", na Bw. Wasike alipouliza miti ni ya nani nikasema sijui.

Sasa ati ni kazi bora darasani, na anataka niisome kwenye redio ya huku kwetu, ile ile baba huwasha kila asubuhi akikamua ng'ombe. Na Ijumaa ndiyo mwisho wa kuchagua masomo ya muhula ujao, ama mazingira, ambayo iko na sayansi ya maji na takwimu, ama utangazaji wa michezo. Rafiki yangu Mwende anasema nichukue michezo niachane na mambo ya mito, na mimi saa hii nakubali, saa ile naona nitajuta maisha yangu yote, sijui kama mimi ni mwoga ama ni binti mwenye heshima.

Niliyechanganyikiwa, Nyeri

Binti yangu, vuta pumzi kwanza.

Nakuhurumia, kwa sababu habari ya kwanza imekupata nyumbani kwenu, na hiyo ni mbaya kuliko zote. Lakini ulimdanganya mwalimu wako. Hiyo "sijui" ndiyo inayokunyima usingizi, si miti. Tena ulihoji akina mama watatu na afisa mzima, ukamruka mwenye miti, na mnakula naye meza moja! Kazi hiyo haijakamilika, hata ikipewa alama zote.

Na hiyo michezo imetoka wapi? Barua nzima hujataja hata timu moja. Usikimbilie uwanjani kujificha. Chukua mazingira, na hiyo takwimu uisome vizuri, ndiyo itakayokufundisha kupima maji badala ya kubeba maneno ya watu tu.

Kesho mwone Bw. Wasike, umwambie miti ni ya nani na habari isiende hewani bado. Atakukaripia, vumilia. Jumamosi nenda nyumbani, umsomee baba ulichoandika, chote, kabla redio haijamsomea. Usibishane naye. Siku ukifika redioni, sema wazi kwamba wewe ni bintiye na miti hiyo ndiyo inayokusomesha.

Akimaliza kukasirika, kama atakasirika, mwombe ruhusa umrekodi, umwulize: "Baba, ulipokuwa mtoto, maji yalikuwa yanafika wapi?" Halafu nyamaza. Mzee huyo ameishi kando ya hicho kijito maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwuliza, hata bintiye anayesomea kuuliza.