Namba za Watu wa Mbali

9 Novemba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa na cherehani imeacha kukata uzi. Binti yako Chiriku hajambo? Mpe busu langu, na umwambie anyamaze kidogo wakati wa kulipokea.

Mimi sijambo, tena sijambo ya kupita kiasi. Leo ni wiki ya tano ya ndoa yangu, na kila nikiamka bado nageuka kutazama kama yupo. Yupo, Dada. Anakoroma taratibu kama birika linalokaribia kuchemka, nami hata kukoroma huko nakupenda. Ananiita "mke wangu" hata akiomba chumvi. Nyumba tuliyopewa na mwalimu mkuu imo ndani ya uzio wa shule, vyumba viwili, na jikoni kuna bomba. Unafungua tu, maji yanakuja yenyewe. Karani wa shule aliyemtangulia mume wangu alikuwa akipanga mtaani. Wangu anathaminiwa.

Juzi nilimsaidia kazi. Mashine ya kuchapa imekufa, na orodha ya watoto waliochaguliwa kuingia shule hii ilitakiwa kunakiliwa kwa mkono, nakala moja kwa kila kituo cha mtihani. Hakuna majina, ni namba tupu, ili msahihishaji asijue mtoto ni wa nani. Akasema, "Mke wangu ana mwandiko wa malkia, mimi nihangaike na nini?" Basi tukaketi mezani, yeye anasoma, mimi naandika, namba arobaini kuanzia aliyeongoza. Moyoni nilikuwa nikimwombea Chiriku, ingawa namba yake siijui. Kile kichwa hakiwezi kukosa.

Nimemaliza karatasi ya kwanza, akaitwa na mwalimu mkuu. Aliporudi alipiga mstari kwenye namba nne, akanitajia nne nyingine. Nikamuuliza, "Hawa wamekosa nini?" Akasema, "Hawajakosa kitu. Ni watu wa mbali, hawajulikani. Wanaoingia ni watoto wa wale waliotujengea maabara." Nikanuna, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akaichukua ile karatasi iliyoharibika, akaandika nyuma yake maneno ambayo siwezi kukusimulia, wewe ni mkubwa wangu. Kisha akaniambia niitie motoni. Nani atatia motoni maneno kama yale? Nimeificha chini ya nguo zangu.

Mdogo wako, mke wa mtu

24 Novemba

Mdogo wangu, Bi Harusi,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo tu ndio una mambo yake. Barua yako niliwasomea wenzangu hapa karakana ya ushonaji, tukacheka mpaka sindano zikatuchoma. Mkata vitambaa anasema, "Mwambieni asile fungate yote kwa mkupuo, aweke na ya mwakani."

Orodha imebandikwa kituoni Jumatatu. Niliutambua mwandiko wako kabla sijafika karibu, ile saba yako yenye mkia. Nikawaambia wazazi wenzangu, "Huo ni mkono wa mdogo wangu." Nilivimba kichwa, sikufichi. Nikakumbuka nilivyoacha shule darasa la sita nikakaa kwenye cherehani ili wewe uendelee mpaka sekondari, nikasema leo mwandiko ule umemrudia mwanangu.

Kisha tukatafuta sitini na tatu. Chiriku alisoma kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu. Akasema, "Mama, labda mama mdogo ameruka mstari."

Namba hiyo sikukwambia kabla. Tulikatazwa kumtajia mtu, na wewe unaishi na karani. Sikutaka ionekane mwanangu anapitishwa mlango wa nyuma.

Sikulaumu, wewe uliandika ulichosomewa. Ila ile karatasi uliyoificha, nitazamie kitu kimoja tu: sitini na tatu imo? Nataka nijue nimwambie nini mtoto. Sketi ya sare nilishaishona kwa vipande vilivyobaki hapa, na upindo mpana wa kumtosha miaka minne.

Msalimie shemeji.

Dada yako

12 Desemba

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa na mafua, na nyumba mpya ina mambo mengi.

Nimeitazama ile karatasi mbele na nyuma. Sitini na tatu haimo.

Pole sana, na umpe pole Chiriku. Mume wangu anawasalimu. Ameninunulia mapazia ya rangi ya maziwa, tumeyatundika pamoja, yeye juu ya kiti, mimi nimeshika kiti. Yanapendeza sana jua likiingia. Ninayo furaha, Dada. Ninayo kweli.

Mdogo wako

3 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na mafua. Usikae na miguu peku kwenye sakafu ya saruji, nilikwambia tangu utotoni.

Ahsante kwa kunitazamia. Moyo umetulia. Wale wanne waliokatwa Mungu awaone, ila kwa mwanangu nilikuwa nimeanza kuwafikiria vibaya watu wa hapo shuleni, hata shemeji, mniwie radhi. Nilimketisha Chiriku nikamwambia mtihani ulikuwa wa haki, waliotushinda wametushinda. Akanitazama. "Kwa hiyo mimi si mwerevu?" akauliza. "Mbona mwalimu alinidanganya?" Nilijifanya natafuta uzi.

Tangu siku hiyo maswali yamekwisha. Unamjua mtoto yule, ndiye aliyetaka kuambiwa kwa nini kivuli hakichoki kumfuata mtu. Sasa anaitika, anafanya, ananyamaza. Shule ya hapa mtaani ina nafasi, hataki, anasema ya nini. Anakuja nami karakana kushona vifungo. Mkata vitambaa anamsifu kwamba ana mkono mwepesi. Mimi pia walinisifu hivyo hivyo.

Sketi nimeifumua. Kitambaa kimetosha sare ya mtoto mwingine anayekuja huko kwenu.

Usihuzunike kwa ajili yetu, ndoa ni changa, ilee. Haki ni haki hata ikikuumiza.

Dada yako

19 Januari

Dada,

Shikamoo. Sijui kama safari hii utaitikia.

Nilikudanganya. Sitini na tatu imo. Ni ya sita kutoka juu, Dada, ya sita kati ya arobaini, na mstari uliopita juu yake ni wa wino wa mume wangu. Niliiona siku ile ile barua yako ilipofika.

Alipokuja kula mchana nilimwambia, "Sitini na tatu ni Chiriku wetu." Akaweka kijiko chini. Akasema, "Mimi nilisoma namba, sikusoma mtoto." Nikamwambia, "Ulisema ni watu wa mbali." Akajibu, "Mke wangu, kila mtu ni wa mbali mpaka utajiwe jina lake." Hakunigombeza. Alisema tu kwamba karatasi hiyo ikitoka, kazi hana na nyumba hatuna. Kisha akaosha vikombe, kama kila siku, akaniachia changu mwisho kwa sababu anajua nanywa polepole. Kama ningeweza kumchukia, ingekuwa rahisi. Nikachagua bomba la maji.

Nilidhani nikikuandikia "haimo" jambo litakwisha. Sikujua neno hilo moja litakwenda kumwambia mtoto kwamba si mwerevu. Wewe ulitoa shule yako nipate mwandiko, nami mwandiko huo nimeutumia mara mbili dhidi ya mwanao. Mara ya kwanza sikujua.

Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Yale maneno ya nyuma nilitaka kuyakata nibaki nayo, lakini yamekaa sawasawa mgongoni mwa namba yake. Yasome ukitaka, sina aibu tena. Ipeleke kwa bodi, ipeleke unakojua. Ila kabla ya yote mwite Chiriku, mshike kidole umwekee kwenye mstari wa sita. Mwambie mama mdogo hakuruka mstari. Aliuandika vizuri, halafu akaukana. Na akiuliza kwa nini, mwache aulize, mwache aulize mpaka achoke.

Asubuhi nimemweleza mume wangu kwamba naiposti. Alinitafutia stempu kwenye droo. Kisha akapanda juu ya kiti, akaanza kushusha mapazia, nami nikamshikia kiti.

Ukijibu, usiandike kwa anwani ya shule. Nyingine bado sina.

Mdogo wako